Kufunga tunapangiwa. Mbona kufurahi tusipangiwe?

Mwanakwaya wa Umoja: Januari tumefunga siku 21, na kesha kila Ijumaa. Nikauliza kwenye kamati: kama kufunga ni nidhamu ya kiroho, kusherehekea je? Tutenge Jumapili moja kila miezi mitatu, tule, tucheze, tumshukuru Mungu. Nikaangaliwa kama niliyeomba kufungua baa. Mnasemaje?

Mzee wa Kariobangi: Furaha ni tunda la Roho. Tunda haliwekewi ratiba. Ukiliandika kwenye kalenda, hiyo ni pati.

Baba Pacha: Mzee, upendo nao ni tunda, na bado unaamka alfajiri kumpeleka mama kliniki ukiwa na usingizi. Nehemia 8, watu wanalia wakisomewa torati, wanaambiwa waache, wakale vilivyonona, wampelekee asiye na kitu. Hawakuulizwa wanajisikiaje. Halafu kuna Walawi 14: ukitoka mbali unauza zaka, unaenda na pesa, unanunua unachotamani na kula mbele za Bwana. Hata divai.

Mzee wa Kariobangi: Walawi 14 ni ukoma, kijana.

Baba Pacha: Haya, Kumbukumbu la Torati 14:26.

Shemeji Pole: "Au kileo"?! Nimesoma mara mbili. Miaka yote natoa zaka, na huo mstari sijawahi kuusikia mimbarini.

Mzee wa Kariobangi: Teremka hadi 28 na 29. Mwaka wa tatu ni ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mmeona chupa, mjane hamkumwona.

Mwanakwaya wa Umoja: Daudi alicheza kwa nguvu zake zote. Aliyechungulia dirishani akadharau ni mkewe, Mikali. Naona tunaye hapa.

Mzee wa Kariobangi: Mikali hakuzaa mpaka kufa. Mimi nina watoto saba, wawili wako kwenye kwaya yako. Chunga mdomo.

Mama Jikoni: Hiyo Jumapili atapika nani? Pasaka nilianza kusukuma chapati saa kumi alfajiri. Bale nzima ya unga, wamama watatu. Natoka nje unga umenifika kwenye nyusi, nakuta sufuria ina mchuzi mtupu na kwaya inaimba furaha.

Mwanakwaya wa Umoja: Mama, mimi nilibeba sufuria.

Mama Jikoni: Ikiwa tupu.

Mzee wa Kariobangi: Ndiyo maana enzi zetu chai na mkate vilitosha.

Mama Jikoni: Na chai alichemsha nani?

Shemeji Pole: 😂😂 Mzee, jibu.

Baba Pacha: Basi wanaume wapike. Mimi nitasukuma.

Mama Jikoni: Zako nilizionea harusini. Zilikuwa na pembe.

Baba Pacha: Zililiwa zikaisha!

Mama Jikoni: Watu walikuwa wametoka kufunga.

Mzee wa Kariobangi: Mkipanga, mimi nitakuja. Lakini chapati sisukumi.

Mama Jikoni: Utakata vitunguu.