MREJESHO: Kufundisha watoto wa bendi ala za kupuliza

Wakuu, habari za siku. Mwezi wa tatu niliomba ushauri: nina watoto 14 wa bendi ya kanisa, ndiyo kwanza wanaanza, na hawaelewi kwa nini saksafoni, shaba tupu, inawekwa kundi moja na klarineti ya mti.

Uliyesema nianze na mrija wa soda, ubarikiwe sana. Tulibana ncha kwa meno, tukaikata mfano wa mshale, tukapuliza. Kelele kama bata wa jirani! Nikawa nakata mrija kidogo kidogo huku mmoja akipuliza, sauti ikawa inapanda. Wakaelewa: kinachotetema ni ulimi wa ala (kile kipande chembamba cha pale pa kupulizia), iwe bomba ni mti au shaba. Kisha nikachomeka mdomo wa tarumbeta kwenye mpira wa kumwagilia, faneli upande wa pili. Hapo hutetema midomo ya mpulizaji, kama kwenye siwa, lile baragumu la Lamu. Binti mmoja wa Pwani akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo zumari ni ndugu yake mrija?" Nusura nimkumbatie.

Filimbi bado imenishinda. Zoezi la kupuliza chupa walilipenda, ila wakishika filimbi yenyewe watatu wanapata kizunguzungu. Sasa wanapuliza kwa zamu fupi fupi, afadhali kidogo.

Kosa langu kubwa: siku ya kwanza niliwaambia wote wapige "do" pamoja. Do ya tarumbeta zetu inalia noti ya B flati, ya saksafoni alto inalia noti nyingine, E flati. Vurugu tupu! Uliyenionya kuhusu hilo, samahani, sikusoma hadi mwisho.