Nataka binti yangu aitwe Kerenhappuch, ukweni hawataki. Naombeni ushauri

NuruYaAsubuhi
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri na matusi hapana maana nimechoka. Mimi ni mama wa miaka 29 niko Morogoro, nina binti wa wiki tano, ndo mtoto wangu wa kwanza. Wiki ijayo anatimiza arobaini na ukweni wameshapanga siku hiyo atangazwe jina la shangazi yake marehemu. Mimi nimependa jina la kizungu, Kerenhappuch. Ni adimu sana hata huko kwao. Nililiona kwenye habari za mama mmoja wa Marekani, Kerenhappuch Turner, wanasimulia alipanda farasi kutoka Maryland mpaka North Carolina kwenda kumuuguza mwanae aliyejeruhiwa kwenye vita ya Guilford Courthouse mwaka 1781, na sanamu yake ipo pale Greensboro tangu 1902. Maswali yangu mawili tu. Asili yake hasa ni nini, na Waingereza wenyewe walilipenda? Na mtoto hatopata shida shuleni? Mume hana neno, anasema nyie wanawake malizaneni.

chumvi_kidogo
😂😂 Dada wenzake watakuwa swali la tano yeye bado anatafuta hiyo h ya mwisho. Nimejaribu kulitamka hapa mke wangu kaniletea maji anajua nimepaliwa.

Ngosha_Ziwani
Usimcheke, mi yamenikuta. Marehemu mzee aliniita Zerubabeli. Shule ya msingi mwalimu akaandika Zelubabeli, sekondari ikawa Zerubaberi, cheti cha kuzaliwa hakina i mwishoni. Nimeapa kwa wakili mara tatu kwamba hawa watu wote ni mimi. Siku ya kuripoti kazini nilibeba bahasha ya viapo nene kuliko vyeti vyenyewe. Mpe mtoto jina fupi, Neema, Rehema, basi.

Mtumishi_77
Binti, wakwe wanaheshimiwa. Jina la shangazi linaunganisha ukoo. Haya majina tunayookota mitandaoni bila kujua maana yanafungua milango ambayo kuifunga ni kazi. Mtii mumeo.

MzeeKitabu
Mleta mada, Waingereza hilo jina wameazima tu. Ni la Kiebrania, keren ni pembe, puk ni wanja, yaani pembe ya wanja, kile kichombo cha kutunzia wanja wa macho. Fungua Ayubu 42:14 kwenye Biblia yetu ya Kiswahili utamkuta anaitwa Keren-hapuki, binti wa tatu wa Ayubu. Wale wa kale waliotafsiri kwa Kigiriki wao hata hawakuandika wanja, waliandika pembe ya Amalthea, ile pembe ya kwenye hadithi zao inayotoa neema haiishi.

Waingereza wakaanza kuwaita watoto hivyo baada ya Matengenezo ya Kanisa, hasa miaka ya 1600. Wapuritani, wale Waprotestanti wenye msimamo mkali, waliona majina ya watakatifu yananuka Ukatoliki, wakaingia Agano la Kale wakachota mpaka majina ambayo hayajawahi kuguswa na mtu. Mabinti wa Ayubu wote watatu walipata wa kuwaita ila hawakufika mbali sawa. Jemima, yaani Yemima kwa Kiswahili, lilishika, lipo mpaka leo. Kezia nalo lilitembea, mchungaji Samuel Wesley wa Epworth, baba yake John Wesley wa Wamethodisti, alikaa miaka na miaka anaandika kitabu cha Kilatini kuhusu Ayubu, na binti yake aliyezaliwa 1709 akamwita Kezia. Hata Kenya leo kina Kezia wapo wengi tu. Huyu wa tatu ndo aliachwa njiani. Jina refu, halikai mdomoni, kwenye rejesta za makanisa utalikuta limeandikwa kila namna, na wengi walilikata wakabaki na Keren. Ila usichanganye na Karen, hilo ni la Kidenmaki limetoka kwenye Katherine.

Sasa na mimi nikuulize. Hawa mabinti siku zote wanatajwa watatu pamoja. Mtoto wako ni wa kwanza, kwanini umeruka Yemima na Kezia ukaenda moja kwa moja kwa wa mwisho?

Mtumishi_77
Wanja! Si nilisema? Huo huo ndo Yezebeli alijipaka machoni, 2 Wafalme 9:30, na kwa Kiebrania ni neno hilo hilo puk. Kataa jina hilo kwa nguvu zote.

PwaniRaha
Mtumishi wanja umekukosea nini jamani. Huku kwetu mchanga hatolewi nje bila wanja. Bibi yangu Pangani alikuwa na kichupa chake cha wanja wa manga na kijiti laini kama sindano ya kufumia. Anachovya, anakigonga mara mbili kwenye mdomo wa chupa ule wa ziada udondoke, ndo anakwambia angalia juu. Ukifumba jicho unakula kofi kwanza. Mpaka leo nikisikia harufu ya ile chupa namuona yeye kakaa kwenye mkeka. Kumuita mtoto kichupa cha wanja mi naona ni jina zuri kuliko yote niliyosoma humu.

NuruYaAsubuhi
Asante PwaniRaha umenifariji. Mzee asante kwa darasa. Hakuna sababu, nimelipenda tu hilo la tatu. Halafu kusema kweli kwenye kadi ya kliniki nimeshaliandika, kwa peni. Kwa kizungu, Kerenhappuch. Kwa Kiswahili silitaki.

Nesi_Mtaani
Mdogo wangu, umeulizwa swali ukalipita pembeni. Mtu anayependa jina tu hapiganii herufi. Biblia ya Kiswahili imeshakuandikia vizuri, Keren-hapuki, ukweni wanasoma, shuleni wanatamka, na wewe unaogopa hiyo tu. Unamficha nani? Kama hapa huwezi njoo inbox.

NuruYaAsubuhi
Sawa nasema hapa hapa, hakuna anayenijua.

Nimeandika mtoto wa kwanza kwasababu ukweni ndo wanavyohesabu. Mwaka 2021 nilijifungua pacha wa kike, mimba ya miezi saba. Mmoja aliishi siku mbili, mwenzake siku tisa. Hawakupewa majina. Niliambiwa watoto wa vile hawaitwi, ukiwaita unawazuia safari, na nisilie kwa sauti nitafunga kizazi. Mimi nikawaita moyoni, Yemima na Kezia. Kwahiyo huyu ni wa tatu.

Baba mkwe ni mzee wa kanisa, Ayubu anaijua mpaka sura ya mwisho. Akisikia Keren-hapuki tu atajua nahesabu nini. Ila akisikia Kerenhappuch ataona ni binti wa kisasa anayeokota majina ya wazungu, atanuna, yataisha. Mume naye hajui. Na sioni nimemkosea nani, sijaomba waitwe kwenye kikao, nimeomba huyu mmoja tu aitwe ninavyotaka mimi. Kadi nimeandika na sifuti.

Ngosha_Ziwani
Wakuu hii ni CHAI. Jana mtoto wa kwanza, leo ana pacha. ID imejiunga juzi, uzi ni huu huu mmoja. Mama wa wiki tano, macho mekundu kwa kukosa usingizi, anakumbuka mpaka sanamu ya 1902? Na mume ambaye alikuwepo watoto wakizikwa anashindwaje kujua? Mtu anatunga hadithi humu anapima machozi yetu.

chumvi_kidogo
Daah na mimi nilikuwa nishaanza kufuta utani wangu kule juu. Tumepigwa?

MzeeKitabu
Ya jina yote ni sahihi, ya maisha yake siwezi kuyathibitisha wala wewe Ngosha huwezi kuyakanusha. Ila nilivyosoma jibu lake nilirudi kwenye Ayubu nikakaa kimya. Hawa mabinti watatu wamezaliwa baada ya baba yao kufiwa na watoto kumi kwa siku moja. Wale kumi hawatajwi jina hata mmoja. Mwishoni anarudishiwa wana saba na mabinti watatu, na hata hao wana saba hawatajwi. Mabinti ndo wametajwa, na baba yao akawapa urithi pamoja na kaka zao. Mtu aliyetunga angechagua jina rahisi zaidi.

Nesi_Mtaani
Ngosha, nimekaa wodi ya wazazi miaka 14. Kwenye kadi ya mjamzito tunaandika mimba ya ngapi, amezaa mara ngapi, watoto hai wangapi. Kuna kina mama namba zao hazilingani, na ukiwauliza mbele ya mama mkwe "huyu wa ngapi" wanaangalia chini kwanza, halafu wanasema wa kwanza. Mkwe akitoka kwenda kununua uji ndo unaambiwa namba ya kweli. Unachoita chai mimi nakiandika kila wiki.

Ngosha_Ziwani
Basi aweke picha ya kadi, afunike jina la kituo.

Nesi_Mtaani
Haweki chochote. Nuru usiweke.

Mtumishi_77
Mimi nilikuwa mkali kwasababu ya Yezebeli. Kama ni kweli, pole sana mwanangu. Ila hapa sitabadilika, mumeo lazima aambiwe. Hawezi kumuita mtoto wake kila siku kwa jina ambalo hajui linahesabu nini. Siku akija kusikia kwa baba yake kanisani itakuwa mbaya zaidi.

NuruYaAsubuhi
Yeye mwenyewe hajawahi kuwataja. Miaka yote hii. Nitaanzaje mimi?

PwaniRaha
Anza na wanja. Mwambie maana ya jina, muache aulize mengine.

NuruYaAsubuhi
(siku mbili baadae)

Narudisha mrejesho maana mlikaa na mimi. Jana usiku mtoto alikuwa analia, mume akambeba anazunguka nae sebuleni gizani. Nikatoa kadi nikampa. Akawasha tochi ya simu, akasoma taratibu, Ke-re-nha-ppu, akakwama. Nikamwambia ni pembe ya wanja, ni Keren-hapuki. Akanyamaza. Nilijua anafikiria wanja. Kumbe na yeye kakua kwenye ile nyumba, sura ya 42 kaisikia toka mdogo.

Akauliza, "Wa siku tisa alikuwa Yemima au Kezia?"

Nikamwambia Kezia. Akazima tochi, tukakaa hivohivo mpaka mtoto akalala.

Asubuhi kachukua peni mwenyewe, kakata mstari mmoja juu ya lile langu la kizungu na pembeni yake kaandika Keren-hapuki, na kile kistari cha katikati. Kampigia baba yake aje leo jioni, kabla ya watu wa arobaini. Kasema ataongea yeye.