Picha ya marehemu baba kwenye A3: niskani upya au nitumie ya kwenye simu?

Binti_Sinza
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi ijayo ni arobaini ya mzee wetu, nataka picha yake ichapwe A3 na kutiwa fremu. Njia ninazo tatu: ile inayozunguka kwenye grupu la familia la WhatsApp, kuipiga upya kwa simu picha yenyewe ya karatasi (sentimita 10 kwa 15), au kuipeleka ikaskaniwe. Ya grupu nilichapisha jana Kariakoo. Macho yamefunikwa ukungu, na kwenye ukingo wa kofia kuna vijimraba. Kwenye simu mbona iko safi?

Fundi wa Picha
Pole sana kwa msiba, dada. Kioo cha simu ni kidogo, kasoro hazionekani. A3 ina urefu wa sentimita 42, kama inchi 16.5. WhatsApp ikituma kwa njia ya kawaida huibana picha, mara nyingi upande mrefu hubaki na pikseli (vile vidoa vidogo vinavyounda picha) 1600 hivi. Gawanya kwa 16.5, unapata 97 kwa inchi. Picha ya kushikwa mkononi inataka 300. Ya ukutani, hata 200 inapendeza. Ukiskani karatasi yako kwa pikseli 600 kwa inchi unapata kama pikseli 2400 kwa 3600, na kwenye A3 inakuja zaidi ya 200. Mimi ningeskani.

Mzee wa Mbagala
Kwani simu ina ubaya gani? Ya megapikseli 12 inatoa 4000 kwa 3000. Kwa hesabu hiyo hiyo inaishinda skana.

Fundi wa Picha
Kwa idadi, kweli, mzee wangu. Lakini karatasi ya kung'aa inarudisha mwanga, mkono ukiinama kidogo uso unavutika upande mmoja, na pembeni picha inakosa ukali. Skana inaibana karatasi ikalala, mwanga sawa kila mahali. Kama hakuna skana, ipige mchana karibu na dirisha, bila taa ya flashi, simu iwe sambamba na picha.

Mama Wawili
Mimi niliambiwa picha ni pikseli 72 kwa inchi, kijana akaandika 300 kwenye kompyuta, nikalipa. Ikatoka vile vile! Kubadili namba hiyo peke yake hakuongezi hata pikseli moja. Na usikubali kuskani kwa 1200: faili linanenepa bure, karatasi ya picha haina undani wa kiasi hicho.

Fundi wa Picha
Kabisa. Jambo jingine, dada: umbo la 10 kwa 15 ni refu kuliko A3. Ukijaza karatasi yote, utakata juu au chini. Angalia kofia isiliwe. Faili lipeleke kwa flashi diski, au litume WhatsApp kama dokumenti, si kama picha.

Binti_Sinza
Nimerudi, wapendwa. Nimeskani kwa 600, nikapeleka kwa flashi, nikaacha ukanda mweupe pande mbili ili kofia ibaki nzima. Ni kofia ya viua, mama aliishona mwenyewe. Leo ameishika ile picha karibu na taa, akawa anavihesabu vile vitundu vya kofia kimoja kimoja kwa kidole. Asanteni sana.