Ruta ya Cisco ISR 4331: sloti mbili, kadi za zamani na namna ya kuipanua

Msimamizi_Raki (Dodoma)

Habari za kazi, wanajukwaa. Naomba ushauri wenu kabla sijapeleka maombi ya ununuzi kwa uongozi wa chuo ninachokihudumia.

Kwa sasa tunatumia ruta ya Cisco 2911. Imetufaa kwa muda mrefu, lakini mtengenezaji aliacha kuiuza mwaka 2017 na muda wa usaidizi wake ukafika mwisho mwaka 2022, kwa hiyo haipati tena marekebisho ya usalama, na mkaguzi wetu wa ndani ameshaliandika jambo hilo kwenye ripoti yake. Ndani ya ruta hiyo kuna kadi tatu: VWIC3 ya E1 (laini ya kidijitali ya kampuni ya simu) inayobeba simu zote za chuo, VIC3 yenye poti mbili za FXS, yaani za simu za analojia (simu ya getini na faksi ya mhasibu), na kadi ndogo ya swichi yenye poti nne. Tungependa pia kuongeza LTE (intaneti ya mitandao ya simu za mkononi) iwe njia ya akiba pale faiba inapokatika, jambo ambalo hutokea sana barabara zinapochimbwa.

Muuzaji mmoja ametuletea bei ya ISR 4331 iliyokwisha kutumika. Nikisoma maelezo yake naona ina sloti (nafasi za kuchomekea) mbili tu za kadi ndogo, ilhali 2911 inazo nne. Maswali yangu ni haya: je, kadi tulizonazo zitaingia kwenye ruta hiyo? Ikiwa haziingii, nitawezaje kupata huduma zote nne katika sloti mbili? Na je, itaweza kubeba faiba yetu ya megabiti 200 kwa sekunde?

Kebo_Tanga

Ndugu Msimamizi, nianze na lile litakalogusa bajeti yako mapema: kadi zako hazitaingia, hata moja. Sloti za 2911 ni za aina ya kadi iitwayo EHWIC, ambazo zilipokea pia kadi za kizazi cha nyuma za HWIC pamoja na WIC na VIC nyingi, na ndiyo maana watu wengi walizoea kuhamisha kadi kutoka ruta moja kwenda nyingine. Familia ya ISR 4000 ilikatisha mazoea hayo. Sloti zake ndogo ni za aina mpya ya kadi iitwayo NIM, zenye umbo tofauti na kiunganishi tofauti, na hakuna adapta ya kuiingiza EHWIC humo. Chipu za sauti za PVDM3 zilizomo ndani ya 2911 nazo hazihami, kwa sababu 4000 inatumia PVDM4. Kwa hiyo bei uliyoletewa ni ya kasha tupu, na kadi zote utazinunua upya.

Kuhusu idadi ya sloti, hesabu si mbaya kama inavyoonekana. Pamoja na NIM mbili, 4331 ina sloti moja kubwa ya SM-X, na ipo adapta, SM-X-NIM-ADPTR, inayowezesha kadi moja ya NIM kukaa ndani ya sloti hiyo kubwa. Hapo unapata kadi tatu. Katika amri, NIM mbili utaziona kama 0/1 na 0/2, na SM-X kama 1/0.

Kadi ya nne, kwa maoni yangu, huihitaji. Poti nne za swichi ndani ya ruta zilikuwa na maana katika ofisi ndogo isiyo na raki. Chuo chenye swichi zake kinaweza kuvuta kebo moja kutoka kwenye ruta hadi kwenye swichi na kupitisha VLAN zote (mitandao midogo iliyotenganishwa) humo. Kutumia sloti ya NIM kwa kazi inayofanywa vizuri na swichi ya kawaida ni kuitupa. Ukilazimika, kadi ya NIM-ES2-4 au NIM-ES2-8 ipo, na ile inayolisha simu za IP kwa umeme, NIM-ES2-8-P, inadai ruta iwe na pawa saplai ya PoE (umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao), ambayo mashine nyingi zilizotumika hazina.

Angalia pia poti zilizojengwa ndani, kwa sababu ni upanuzi ambao umeshaulipia. Poti 0/0/0 inakubali ama RJ45 (kebo ya kawaida ya shaba) ama SFP (moduli ndogo ya kuchomeka, kwa mfano ya faiba), kimoja kwa wakati mmoja. 0/0/1 ni ya RJ45 tu. 0/0/2 ni ya SFP tu. Faiba yako inaweza kuingia moja kwa moja kwenye 0/0/2 ukiwa na SFP inayofaa, bila kigeuzi cha mezani na adapta yake ya umeme, ambayo kwa kawaida ndiyo ya kwanza kufa radi inapopiga. Ile poti nyingine iliyoandikwa GE 0 pembeni mwa konsoli si ya kupitishia data ya watumiaji. Imetengwa kwa usimamizi na iko ndani ya VRF yake yenyewe (jedwali la njia lililotengwa), Mgmt-intf, kwa hiyo usiihesabu kama poti ya nne ya mtandao.

Sauti_na_Data

Naunga mkono yote aliyoyasema Kebo_Tanga, na ninaomba niongeze upande wa simu, kwa kuwa hapo ndipo watu hununua kadi sahihi kisha simu zikakataa kuita.

Kadi ya NIM-1MFT-T1/E1 ukiinunua peke yake itabeba data, lakini haitabeba sauti mpaka iwe na PVDM4 iliyochomekwa juu ya kadi yenyewe. Katika 2911 chipu za DSP, yaani zile za kuchakata sauti zilizomo kwenye PVDM, zilikaa kwenye ubao mkuu na kadi zote zikazitumia kwa pamoja. Katika 4000, ile sloti ya PVDM4 iliyo kwenye ubao mkuu inahudumia kazi za upande wa IP, kama vile kubadilisha kodeki (mbinu ya kusimba na kubana sauti) na kuunganisha mikutano ya simu, na haiisaidii E1. Tofauti hiyo haionekani kwenye picha ya tangazo, na muuzaji anaweza kukuuzia ruta akisema kwa nia njema kabisa kuwa ina DSP, huku DSP hiyo ikiwa mahali ambapo haikusaidii.

E1 ina vipande 32 vya muda: kimoja cha ulinganifu, kimoja cha ishara, na 30 vya mazungumzo. PVDM4-32 inatosha ikiwa simu zinatumia G.711. Mkitumia kodeki nzito kama G.729, idadi ya chaneli inayoweza kuhudumiwa hupungua, na hapo ni afadhali kuchukua PVDM4-64 tangu mwanzo. Siku ya kufunga, andika kwanza amri "card type e1 0 1", kwa sababu kadi hiyo hiyo ni ya T1 pia (mfumo wa Marekani Kaskazini), na bila kuchagua aina hutaiona kontrola yoyote kwenye usanidi. Saa inayolinganisha vipande hivyo ichukuliwe kutoka kwenye laini ya kampuni ya simu, isitoke kwenye ruta. Saa zikipishana, utasikia mibofyo katikati ya mazungumzo na faksi zitakatika ukurasa wa pili au wa tatu.

Kadi za FXS za NIM zina DSP zake ndani, hivyo hizo hazina tatizo hilo. Hata hivyo, kwa simu mbili tu za analojia nisingetumia sloti. Kifaa kidogo cha nje kinachogeuza simu ya analojia kuwa SIP (simu inayopita kwenye mtandao wa IP) kitafanya kazi hiyo kwa gharama ndogo zaidi, na kinaweza kukaa hukohuko getini ilipo swichi ya karibu. Ukifanya hivyo, E1 inachukua 0/1, LTE inachukua 0/2, na SM-X inabaki wazi bila hata kununua adapta.

Swali la kuiuliza kampuni ya simu kabla ya yote ni kama wanaweza kuwapa laini ya SIP badala ya E1. Ikiwezekana, hutanunua kadi ya E1 wala PVDM4 yake. Utahitaji leseni ya sauti, yaani uck9, na leseni za vikao vya simu, basi.

Mwambao_NOC (Mombasa)

Nijibu swali la megabiti 200, kwa sababu jibu lake haliko kwenye sloti wala kwenye poti. Poti za 4331 ni za gigabiti moja kila moja, lakini ruta yenyewe imewekewa kikomo na programu: megabiti 100 kwa sekunde inapotoka kiwandani, na megabiti 300 ukiwa na leseni ya utendaji. Kikomo hicho ni cha jumla ya data yote inayotoka kwenye ruta, ya kupakua na ya kupakia kwa pamoja. Mkipakua kwa 200 na kupakia kwa 50, mnahesabiwa 250. Bila leseni, chuo kitalipia faiba ya 200 na kupata nusu yake, na mtajaza malalamiko kwa kampuni ya intaneti isiyo na kosa. Ipo pia leseni ya Boost iliyokuja baadaye, ambayo huondoa kizuizi hicho na kuiacha ruta ifanye kazi kwa nguvu halisi ya maunzi yake. Kiwango kilichopo utakiona kwa "show platform hardware throughput level".

Leseni hizo ndizo zinazonitia wasiwasi kuhusu mashine iliyotumika. Kwa kawaida Cisco haimpi mnunuzi wa pili haki ya programu aliyoilipia mnunuzi wa kwanza, na tangu toleo la 16.10.1a la IOS XE (programu inayoendesha ruta hizi) familia hii inatumia mfumo wa Smart Licensing, unaofungamana na akaunti ya taasisi. Chuo cha umma au chenye mkaguzi makini kisijiingize katika hali ya kutumia leseni isiyo yake.

Kuna na suala la umri. 4331 nayo ilisimamishwa kuuzwa mwaka 2023, na usaidizi wake umepangiwa kuisha 2028. Ukiwa unaondoa 2911 kwa sababu ya ukaguzi, zingatia kwamba hoja hiyohiyo itarudi mezani baada ya muda mfupi. Warithi wake ni Catalyst 8300, zilizotoka mwaka 2020, na majina yake yanajieleza: C8300-1N1S-6T ina sloti moja ya NIM, moja ya SM na poti sita za gigabiti moja, wakati ile inayoishia na 4T2X ina poti mbili za gigabiti 10. Kila moja kati ya hizo ina pia sloti ya tatu, PIM, kwa ajili ya LTE au 5G, kwa hiyo njia ya akiba haigusi NIM kabisa. Kadi ya E1 ya NIM utakayoinunua leo inaweza kuhamia huko, na hiyo ndiyo faida ya kununua kadi kwa kutazama kizazi kinachofuata.

Msimamizi_Raki (Dodoma)

Nawashukuru sana. Nitaanza kwa kuiandikia kampuni ya simu kuhusu SIP. Nimebaki na mambo mawili. Je, kadi inaweza kuchomolewa ruta ikiwa inafanya kazi? Pia muuzaji ananishawishi nijaze ile SM-X kwa seva ya UCS-E (seva ya Cisco inayochomekwa ndani ya ruta) ili tuweke humo mfumo wa mahudhurio.

Kebo_Tanga

Kwenye 2911 ilibidi uzime. Kwenye 4331 kadi za NIM zinaweza kubadilishwa ruta ikiwa hewani, mradi uisimamishe kadi kwanza kwa "hw-module subslot 0/2 stop" na kusubiri taa yake izime. Kuing'oa tu bila amri hiyo ni kuhatarisha kadi na mazungumzo yanayopita humo. Kumbuka pia kwamba 4331 ina pawa saplai moja tu ya ndani. Mbili kwa pamoja zinaanzia kwenye 4431, kwa hiyo UPS (betri ya akiba ya umeme) nzuri ni sehemu ya ununuzi huu.

Seva usiiweke humo. UCS-E ilikuwa na maana kwa matawi yasiyo na nafasi kabisa, lakini joto lake, umeme wake na ruta vinakuwa kitu kimoja, na siku ya kuizima ruta kwa matengenezo mahudhurio nayo yanasimama. Fedha hiyo itawapatia seva ndogo ya kujitegemea yenye diski unazoweza kuzibadilisha mwenyewe. Kama kuna pesa ya kuongeza ndani ya ruta, iende kwenye kumbukumbu: inakuja na GB 4 za DRAM, na ukitaka kutumia Snort (kinga inayotambua mashambulizi ya mtandao) itakudai GB 8, pamoja na fleshi ya GB 8.

Sauti_na_Data

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe ruta na akutumie matokeo kamili ya "show inventory", "show platform" na "show license". Katika ya kwanza, tafuta PVDM4 imeandikwa chini ya sloti ipi: ikiwa ni 0/4, iko kwenye ubao mkuu na E1 yako haitaitumia; ikiwa ni chini ya 0/1 au 0/2, iko juu ya kadi unayoihitaji.