Wakuu, tumechimba shimo la choo tukakuta chupa za zamani. Nitajuaje ni za mwaka gani? (Tanga)

MtuWaNgamiani
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wa haraka, keshokutwa nakutana na mtu.

Tulikuwa tunachimba shimo la choo hapa Tanga. Tulipopita kimo cha mtu tukaangukia tabaka la majivu, vigae, maganda ya kombe na chupa. Nyingi zimevunjika, nne ni nzima. Moja ni nyeusi, ila ukiielekeza kwenye jua ni kijani. Moja ina kitako cha mviringo, haisimami. Moja ndogo ya bluu, ya pembe sita. Na moja ni ile ya soda yenye gololi ndani ya shingo.

Nataka kujua umri tu. Mwenye ujuzi asinipite.

Kipanga_Pwani
Uzi wa chupa bila picha ya chupa. Tuendelee kusubiri.

BintiPangani
Jamani gololi! Umenikumbusha marehemu babu. Alikuwa anatusimulia kwamba soda ya gololi ukimaliza kunywa, chupa ilirudi dukani na mwenye duka aliihesabu kabla hujaondoka, maana watoto walikuwa wanazivunja ili wapate gololi wakacheze. Yeye na kaka yake walivunja mbili nyuma ya msikiti wakachapwa na baba yao, wakachapwa tena na mwenye duka. Kaka mtu alibaki na gololi moja hadi uzeeni. Sijui iko kwa nani sasa, mirathi ilivurugika, na shangazi yetu mmoja hadi leo hasemi na wenzake.

MzeeWaVigae
Kijana, anza na mshono. Ule mstari mwembamba ubavuni ni alama ya pale vipande viwili vya kalibu, yaani umbo la kuumbia chupa, vilipokutana. Ufuate kwa ukucha kuanzia chini kwenda juu. Ukipotea shingoni kabla ya mdomo, chupa ilipulizwa kwa pumzi ya mtu na mdomo ukaumbwa mwishoni kwa chombo cha mkono. Ukipanda hadi juu ya mdomo kabisa, hiyo ni ya mashine. Mashine ya Michael Owens kule Marekani ilianza kazi mwaka 1903, na viwanda vikahamia huko taratibu miaka iliyofuata.

Kisha kitako. Zamani fundi alibandika fimbo ya chuma kitakoni ili aishike chupa wakati anaumba mdomo. Akiibandua, panabaki kovu linalokwaruza. Kuanzia miaka ya 1860 hivi viwanda vingi viliiacha fimbo vikatumia koleo la kubana.

Ya gololi ni ya Mwingereza Hiram Codd, hati yake ya ubunifu ni ya miaka ya 1870 mwanzoni. Gesi ya soda ndiyo inayoisukuma gololi ikabane kwenye mpira wa mdomoni. Hiyo ya kitako cha mviringo ilitengenezwa hivyo makusudi ilazwe, kizibo kibaki kimelowa kisikauke na kuvujisha gesi.

Sasa jibu: mishono inaishia wapi? Na hiyo ya bluu ina maandishi? Ina kitu ndani?

MtuWaNgamiani
Shukrani sana mzee. Ya bluu ina maandishi yaliyotuna, NOT TO BE TAKEN, na ina maji maji kidogo chini, kizibo bado kipo. Nilikuwa nataka kuifungua niisafishe, mteja anapenda zikiwa safi.

MzeeWaVigae
Usifungue! Hiyo ni chupa ya sumu ya duka la dawa la Kiingereza. Rangi ile ni ya onyo, na pembe zile na maandishi yaliyotuna viliwekwa ili mtu akiishika gizani bila taa ajue kwa vidole kwamba si dawa ya kikohozi. Humo mnaweza kuwa na asidi ya kaboliki au kibaya zaidi. Usinuse, usimwage. Iweke wima kwenye ndoo yenye mchanga, mbali na watoto.

Na umesema "mteja". Mteja yupi?

Wakili_Kijiweni
Mimi naona mnapita pembeni ya jambo kubwa. Tanzania Bara kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na mpaka wake ni mwaka 1863. Cha kabla ya hapo kina ulinzi, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Kwa hiyo umri anaouliza huyu bwana unaweza kumtenganisha na kesi. Ya gololi haina shida, mwaka huo Codd alikuwa hajaibuni. Ya bluu kwa maelezo hayo inaelekea ni ya enzi za Mwingereza, na Mwingereza aliingia Tanga 1916. Hofu yangu ni hiyo nyeusi. Mkuu, kiwanja ni chako?

MtuWaNgamiani
Nyeusi haina mshono kabisa, nimepitisha ukucha pande zote. Kitako kimeingia ndani, na humo ndani kuna kovu la duara linakwaruza kidole. Ubavuni ina mapovu marefu marefu yaliyopinda kuelekea shingoni, na ngozi yake inabanduka magamba membamba yenye rangi rangi kama mafuta ya taa juu ya maji.

Kipanga_Pwani
Umeulizwa kiwanja, umejibu mapovu.

MtuWaNgamiani
Kiwanja ni cha mama mmoja anaishi Muscat, mimi ndiye msimamizi wake wa ujenzi. Lakini jamani tuelewane. Mama amenilipa nitoe kifusi, na kifusi ni pamoja na takataka zilizomo. Ningeenda kuzitupa kule bondeni nani angeuliza? Vijana wa kuchimba nimewagawia kidogo. Na mteja ameshanipa laki mbili za kuanzia, siwezi kumgeuka, mimi ni mtu wa kutunza neno.

Ustadh_Chumbageni
Neno gani unatunza, ndugu yangu? Ulianza kumpa neno mama mwenye kiwanja ulipoikubali kazi yake. Amana ni amana, iwe dhahabu iwe chupa. Mpigie simu mwenyewe, umweleze ulichokikuta, umwombe. Huenda akakuachia zote kwa moyo mweupe. Ukimficha, hata hiyo laki mbili utaila kwa wasiwasi.

FundiBombaTZ
Mimi Mwanza nilikuta sufuria la chuma la Mjerumani, mwenye nyumba akaniambia chukua. Nikaliuza kwa kilo kwa wanunua vyuma. Hadi leo nikipita pale roho inaniuma, kumbe vitu hivi vina watu wake.

Kipanga_Pwani
Wakuu, hii ni chai. Angalieni: shimo moja la choo linatoa chupa ya kovu la fimbo, chupa ya sumu ya Kiingereza na soda ya gololi, zote nzima, na keshokutwa mteja yuko mlangoni. Hana picha. Huyu ni dalali, anataka MzeeWaVigae amwandikie cheti cha umri hapa jukwaani, akamwonyeshe mzungu. India chupa za gololi zinatengenezwa na kutumika hadi leo, ukiipaka tope inazeeka kwa wiki.

BintiPangani
Mmh. Mimi nilishaanza kumwonea huruma.

Wakili_Kijiweni
Kuchanganyika si ajabu, jaa moja linaweza kutumika miaka mingi, na chupa za pombe zilirudiwa kujazwa mafuta na asali mpaka zivunjike. Ila swali la dalali ni la haki.

MzeeWaVigae
Tusimhukumu bila mtihani. Yale mapovu yaliyopinda na yale magamba hayatungwi na mtu asiyeishika chupa. Unyevu wa ardhini unanyonya chumvi za kioo miaka na miaka, ngozi inaachia. Chupa nyeusi naiamini.

Sasa kijana, ichukue ya gololi uiweke mwangani. Mshono unafika wapi? Gololi imechubuka? Mdomoni pana mpira au mfereji mtupu? Ina magamba kama mwenzake?

MtuWaNgamiani
Mshono unapita hadi juu ya mdomo. Gololi inang'aa, haina mchubuko. Mpira upo, laini. Magamba hakuna.

MzeeWaVigae
Mpira laini, chini ya kimo cha mtu, kwenye udongo wa Tanga wenye chumvi? Hiyo haikutoka kwenye shimo lako.

MtuWaNgamiani
Hiyo alinipa mteja mwenyewe. Alisema niiweke pamoja na zile tatu, nikiulizwa niseme zimetoka pamoja, seti inauzika vizuri zaidi Ulaya. Sikuona ubaya, ni chupa tu. Zile tatu nimezitoa mimi kwa mikono yangu, na hilo naliapia.

Kipanga_Pwani
Mimi nimemaliza.

Wakili_Kijiweni
Hujamaliza chochote, sasa ndiyo limekuwa kubwa. Mkuu, huyo mteja anataka shimo lako liwe shahidi wa chupa yake mpya, na ile nyeusi inataka kuvuka mpaka bila kibali. Zikikamatwa uwanja wa ndege, jina litakalotajwa ni la aliyechimba. Rudisha laki mbili na chupa yake kesho asubuhi. Nyeusi ipeleke Makumbusho ya Urithi pale Boma la zamani waione, mama wa Muscat akiwa ameshaambiwa. Na shimo msilipanue kutafuta nyingine, kuchimba kwa kusaka vitu vya kale bila kibali ni kosa jingine.

MtuWaNgamiani
Laki moja imeshaenda kwenye saruji.

Ustadh_Chumbageni
Kopa. Leo leo.

MtuWaNgamiani
Nimempigia mama. Hakukasirika, ameuliza tu kama vigae navyo vipo, maana nyumba ya bibi yake ilikuwa hapo hapo kabla haijabomolewa. Ameniambia nisimpe mtu yeyote chochote mpaka mdogo wake afike kutoka Pangani. Mteja nimemwandikia, hajajibu. Ya bluu ipo kwenye ndoo ya mchanga stoo.

MzeeWaVigae
Stoo ina kufuli?