Klabu ya trapu ya wazee au pak mpya ya spotingi? Wapi nilipe uanachama

BabaNeema_MN
Wakuu habari za humu. Nipo Minnesota, kijana wangu yuko darasa la nane na mwaka huu kaingia timu ya shule ya kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, ile ligi ya mashule. Mi nilivyoambiwa shule ina timu ya bunduki nikajua nimesikia vibaya. Kumbe wako wengi kweli, na bunduki shuleni haziingii kabisa, wanafanyia kwenye klabu ya mji, na mtoto lazima kwanza apite kozi ya usalama apate cheti. Basi kila Jumanne nampeleka halafu nakaa kwenye gari na simu yangu. Wiki ya tatu mzee mmoja akaja kugonga kioo akanambia ndani kuna kahawa ya bure. Nikashuka, nikapewa bunduki ya kuazima, nikapiga visahani 4 kati ya 25, na tangu siku hiyo silali vizuri.

Sasa nataka kulipia uanachama na nna sehemu mbili.

Hiyo ya zamani iko nyuma ya mashamba ya mahindi, vibanda vitano vya trapu basi, ule mchezo kisahani kinatoka kibandani mbele yako. Ukutani picha za wazee wenye kofia, wengine walishakufa kabla mi sijazaliwa, choo cha nje, paa linavuja pale juu ya friji na kuna ndoo ambayo nadhani nayo ni mwanachama. Dola 80 kwa mwaka, raundi dola 6, ila lazima ufanye kazi za klabu siku mbili kila mwaka.

Nyingine ni pak mpya, dakika 40 kwa gari. Spotingi (unatembea kituo kwa kituo, visahani vinakuja kila namna) vituo 14 msituni, viwanja viwili vya skiti (visahani vinapita mbele yako kutoka pande mbili), vigari vya gofu, mgahawa, choo cha maana. Dola 400, na visahani 100 vya spotingi ni kama dola 55 juu yake.

Nyie mngechagua wapi? Na bunduki ninunue ya aina gani?

KochaKip
Karibu kwa ugonjwa, haina dawa 😂 Mimi husaidia kufundisha timu ya shule huku huku Minnesota, mwaka wa nne sasa, wacha nikupe vile naona.

Trapu unasimama yadi 16 nyuma ya kibanda, mashine iko ndani inacheza kushoto na kulia, ukisema "pull" kisahani kinatoka kinakukimbia na hujui kitaenda upande gani. Risasi tano kila nafasi, nafasi ni tano, 25 imeisha. Watu husema inaboa. Mimi huwaambia ni kama penalti, mpira ni ule ule na goli ni lile lile, sasa si ufunge zote 25 tuone. Ukizoea sana wanakurudisha nyuma mpaka yadi 27 na hapo ndio utajua hujui.

Ligi ya watoto ni trapu ya yadi 16. Mashindano yao makubwa ya Alexandria, huku huku Minnesota, kila Juni pia ni trapu, maelfu ya watoto, laini ya vibanda mpaka macho inachoka. Kwa hivyo kama unataka kupiga pamoja na kijana swali limejijibu, enda kwa wazee. Spotingi utaenda siku ya birthday.

MzenjiLeicester
Kip nakuheshimu lakini hapo umempoteza mwenzio. Mie niko Uingereza mwaka wa tisa napiga, nilianza na trapu ya hapa tunaita DTL (Down-The-Line), una risasi mbili kwa kila kisahani, ukikivunja kwa ya kwanza alama 3, kwa ya pili alama 2, kwa hiyo mtu anaweza kuvunja vyote 25 na bado kashindwa, inaumiza roho wallahi. Nikapiga miaka miwili nikawa hodari wa kisahani kinachokwenda mbele tu. Siku ya kwanza kwenye spotingi kikaja kimoja kinabiringika chini kama sungura, kingine kinapanda juu ya miti kinarudi kichwani kwangu, nilisimama natazama tu kama mtalii.

Spotingi inakufundisha kusoma mwendo, wapi uanze, wapi uvunje, mtutu ukitangulie kisahani kiasi gani. Trapu inakufundisha kutulia. Ukitaka vyote viwili anza na spotingi hujakomaa na tabia mbaya.

Hapa kwetu hata huna kibali unaweza kuonja, klabu iliyopewa ruhusa na polisi inaweza kumpa mgeni bunduki apige visahani hapohapo, ni kifungu 11(6) cha sheria ya silaha ya 1968. Kumiliki yako ndio kazi, cheti cha polisi cha miaka 5, daktari wako anaulizwa, kabati la chuma ukutani.

MamaShazy_TX
Samahani naingilia. Mimi ni mama wa vijana wawili na nasoma hii nikitetemeka. Mtoto wa darasa la nane na bunduki? Na Baba Neema, hapo klabuni kuna Mwafrika mwingine ama ni wewe peke yako? Wanakuangaliaje? Naomba jibu la ukweli sio la kufurahisha baraza.

BabaNeema_MN
Mama Shazy swali zuri. Niko peke yangu mimi na mwanangu. Siku ya kwanza nilipoingia kukawa na ule ukimya, unaujua. Mmoja akaniuliza kama nyumbani nilikuwa nawinda simba, nikamwambia mi mtu wa Tabora nilikuwa nafuga kuku. Akacheka mpaka kahawa ikamwagika, siku hizi ananiita Chicken na mimi namuita Lion. Wapo wawili watatu hawanisalimii, hawa nimeamua ni wazee wanaomchukia kila mtu maana hata wenyewe kwa wenyewe hawasalimiani.

Usalama nilishangaa. Bunduki inatembea imefunguliwa, mtu unaona mwanga kwenye mtutu. Risasi unaingiza moja tu ukiwa umesimama kwenye nafasi yako na zamu imefika. Mwanangu alisahau kufunga mdomo, yaani aligeuka kuongea na rafiki yake mtutu ukageuka naye kidogo tu, kocha akasimamisha laini nzima, akamtoa, akakaa benchi mpaka mwisho. Sikumtetea.

MamaShazy_TX
Haya, asante kwa ukweli. Bado sijashawishika lakini nimepumua.

Fiston_DesMoines
Bonjour ndugu wote. Miye niko Iowa, na naona hakuna mutu anasema skiti hapa, sijui juu ya nini. Batu banasahau skiti!! Nyumba mbili za mashine, ya juu kushoto ya chini kulia, vituo 8, kisahani kinapita njia ile ile kila siku, kile kinabadilika ni wewe penye unasimama. Kwa mutu mwenye anaanza ni muzuri sana juu unajifunza kutanguliza mtutu pole pole, na ukikosa unajua ulikosa wapi. Ku trapu ukikosa unabaki kuangalia mbingu.

Tena historia yake inanichekeshaka. Muwindaji mumoja wa Andover, Massachusetts, miaka ya 1920, alikuwa anapiga akizunguka duara nzima kama saa, kisha jirani akaleta shamba la kuku upande ule mwingine, duara ikakatwa nusu. Mpaka leo dunia nzima inapiga nusu duara juu ya kuku. Baba Neema wewe wa kuku utaelewa 😂

KochaKip
Fiston 😂😂 sawa skiti imepata wakili.

Kuhusu bunduki kabla hujatoa hata senti, jicho. Nyoosha mikono, tengeneza tundu dogo kwa viganja, angalia kitu cha mbali kupitia hapo, halafu funga jicho moja moja. Lile ambalo kitu kinabaki ndani ndio jicho linaloongoza. Kama unapiga kwa bega la kulia na jicho lako ni la kushoto utakosa mpaka uzeeke na utalaumu bunduki. Ama ubadilishe bega ama ubandike kiteipu kwa miwani, mbele ya jicho hilo.

Halafu kitako, ile sehemu ya nyuma inayokaa begani. Bunduki ya dola 3000 ambayo kitako hakikutoshi inashindwa na Remington 870, bunduki ya kawaida, ya mkopo inayokaa vizuri kwa shavu. Browning BT-99 ni mtutu mmoja, tamu kwa trapu, lakini spotingi na skiti zina visahani viwili kwa pamoja so hapo umekwama. Semi otomatiki inapunguza teke kwa bega, shida inamrushia jirani maganda ya risasi kwa shingo, wazee watakuchukia na wako na haki, weka kizuizi cha maganda. Mitutu miwili ya juu na chini inafanya kila kitu ila mfuko utalia. Azima msimu huu wote. Hakuna mtu amekufukuza.

MzenjiLeicester
Hapo kwa kuazima nakubaliana. Na uliza klabu wanaruhusu risasi za namna gani kabla hujanunua kasha zima, klabu nyingi za huku kile kizibo cha plastiki ndani ya risasi ni marufuku, lazima kiwe cha nyuzi, maana wakulima na ng'ombe wao wako jirani. Na serikali ya huku mwaka 2025 ilitangaza marisau (vile vipunje vya ndani) ya madini ya risasi yataondolewa, tutahamia chuma. Kwa hiyo tutakuwa tunapiga risasi isiyo na risasi, mfafanulie Mzungu sentensi hiyo uone.

maskati_77
Assalaam alaykum. Nimepita tu. Niko Maskati, huku ukisema trapu watu wanafikiri ile ya Olimpiki, mashine 15 chini ya handaki, unahama nafasi kila baada ya kisahani, na vinakwenda mbio kweli si kama hivyo vya Kimarekani. Ghuba tuna mapenzi na mchezo huu, Ahmed Al Maktoum wa Imarati alichukua dhahabu ya dabo trapu (visahani viwili kwa pamoja) Olimpiki ya Athens 2004, na yule mzee wa Kuwait, Abdullah Al-Rashidi, shaba ya skiti 2016 na tena Tokyo keshapita hamsini. Kwa hiyo Baba Neema usiseme umechelewa.

BabaNeema_MN
Wakuu narudi na mrejesho, wiki tano zimepita.

Kip jicho langu ni la kushoto. Miaka 43 sikujua. Nimebandika teipu, kutoka visahani 4 nimefika 13 na Jumanne iliyopita 17.

Pak mpya nilienda na kijana Jumamosi moja. Pazuri sana, Mzenji nimekuelewa kuhusu huyo sungura wa chini, tulicheka njia nzima. Ila tulipiga visahani 100 hatukuongea na mtu yeyote isipokuwa yule wa kaunta. Nikatoka na dola 140 pungufu ukiweka risasi na chakula.

Nimelipa kwa wazee. Siku ya kazi nimeshafanya moja, kubeba makasha ya visahani, kila kasha vina 135, mgongo umejua. Wakanionyesha na mashine, kabla hujaingia kibandani unainua bendera, unazima umeme, kwa sababu ule mkono unaorusha unavunja mfupa bila kukuomba samahani. Mzee Lion ndo kanifundisha, anasema bila watoto wa mashule kulipia visahani vya Jumanne klabu ingeshafungwa maana wanachama wenyewe wanapungua kila kipupwe. Nimeona kweli, wa chini ya miaka sitini tuko kama saba.

Fiston skiti nimeiweka kwenye orodha, kwa heshima ya kuku.

KochaKip
17! Siku ya kazi ya pili ni lini? Niko dakika 50 na wewe, naweza kuja kusaidia na hilo paa, mimi ni fundi.

BabaNeema_MN
Jumamosi ya pili ya mwezi ujao saa mbili asubuhi. Lete ngazi, ya hapa imeoza. Na usiiguse ile ndoo mpaka paa likauke.