MREJESHO: Kupata chambo hai kwa kayaki bila fishfainda

Wakuu habari zenu, mwezi uliopita niliuliza hapa ntapataje vibua (samaki wadogo) wa chambo nikiwa na kayaki tu, sina kifaa chochote cha kuonyesha samaki. Asanteni sana, imekubali!

Jumamosi nimetoka Kunduchi, Dar, alfajiri, nikakaa mbali na kisiwa cha Mbudya maana pale ni hifadhi. Yule mkuu aliyesema fuata membe (ndege wa baharini) abarikiwe, niliwaona wanajitupa sehemu moja na maji yanachemka ka mvua ndogo, nikapiga kafi taratibu nisiwashtue. Nikashusha mshipi wa ndoano ndogo sita zenye manyoya, chubwi (kizito cha kuzamisha) chini, nahesabu moja mbili tatu mpaka kumi ndo naanza kuvuta kidogo kidogo, kwenye saba hivi mkono ukaanza kutetemeka, vibua watatu kwa mpigo!

Shida ni kuwaweka hai. Wawili wa kwanza walikufa kwenye ndoo, nlikuwa nawashika kwa mkono mkavu. Sasa nalowesha mkono, ndoo naweka wanne tu na maji nabadilisha kila baada ya dakika chache. Samaki kolekole mmoja kashapatikana, wa kama kilo tatu.